Bruchi za Kirumi: kuzitambua, kuzisafisha, na ile inayotoa unga wa kijani

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Leicester, Uingereza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua bruchi za Kirumi, zile pini za mapambo za kufungia vazi, kwenye minada, moja moja. Sasa ninazo kumi na nne. Karibu zote zina udongo na kutu ya kijani, na muuzaji huandika tu "ya Kirumi, karne ya 1 hadi ya 4". Nitajuaje kila moja ni ya aina gani na ya wakati gani? Je, naweza kuzisafisha kwa ndimu na majivu kama tunavyosafisha sinia za shaba nyumbani? Na moja imeanza kuacha unga wa kijani uliopauka kwenye kitambaa nilichoifungia. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana zile kumi na tatu zinaweza kusubiri hata mwaka mzima, lakini hiyo inayotoa unga haiwezi. Itoe leo kwenye kitambaa. Iweke peke yake ndani ya kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli kavu, vile vipunje vinavyofyonza unyevu. Usiioshe, usiipake mafuta, usiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Matibabu yake nitayaeleza mbele. Na ndimu, nakuomba sana, iache jikoni.

Sinia ya shaba ni metali tupu yenye utando mwembamba wa kutu juu yake. Asidi ya ndimu inayeyusha utando, majivu yanasugua, sinia inang'aa, na hakuna cha maana kilichopotea. Bruchi iliyolala ardhini miaka 1,900 haiko hivyo. Sehemu kubwa ya shaba yake imeshageuka kuwa madini. Katikati kuna kiini cha metali, wakati mwingine kidogo sana. Juu yake kuna tabaka jekundu la oksidi ya shaba liitwalo kupraiti. Juu ya hilo kuna tabaka la kijani la kaboneti ya shaba, malakaiti, na ndilo watu hulisifu kwa jina la patina. Mistari aliyoichonga fundi, alama za tupa yake, hata muhuri wa jina lake, vimehifadhiwa ndani ya matabaka hayo ya madini. Asidi huyashambulia hayo kwanza. Ukiitoa bruchi kwenye ndimu utapata kiini chenye mashimo, rangi ya waridi isiyopendeza (shaba iliyoyeyuka huganda tena juu ya kitu), na bati lililopakwa zamani limekwisha. Uso ule haurudi.

Ukwaju na siki ni asidi vilevile. Siki iliyotiwa chumvi ni mbaya kuliko zote, kwa sababu chumvi ni kloridi, na kloridi ndiyo chanzo cha ule unga uliouona. Wakusanyaji wa sarafu wana desturi ya kuloweka vitu kwenye mafuta ya zeituni kwa miezi. Mafuta hayo yana asidi zake: huigeuza patina kuwa nyeusi na kuacha utomvu wa kijani unaonata ambao ni shida kuutoa. Kulowesha kwenye maji yaliyokenekwa kwa wiki nyingi kunaamsha kutu iliyokuwa imetulia. Njia ya umeme kwenye maji ya chumvi inavua kila kitu mpaka kwenye metali, na kama metali haipo tena, bruchi inasambaratika mikononi mwako.

Kutambua: igeuze uangalie nyuma

Kabla ya kusafisha chochote, tambua ulicho nacho, kwa sababu aina ya bruchi ndiyo inayokuambia utegemee kukuta nini chini ya udongo: bati, enameli (kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya metali), mhimili wa chuma, au shaba tupu. Wanunuzi wengi hutazama uso wenye pambo, lakini habari kubwa iko mgongoni na ubavuni.

Tukubaliane majina ya sehemu. Upinde ni mwili uliopinda. Kichwa ni upande wenye springi au bawaba. Mguu ni upande wa pili, na chini yake kuna kishikio, kile kibati kilichokunjwa ambamo ncha ya sindano hulala. Waya unaounganisha upande mmoja wa springi na wa pili nitauita ugwe. Ukipita chini ya upinde ni ugwe wa ndani. Ukipita juu yake kwa mbele ni ugwe wa nje.

Swali la kwanza: sindano ilishikwa kwa springi au kwa bawaba? Hata kama sindano imevunjika na kupotea, na nyingi ndivyo zilivyo, kichwa kitakuonyesha kilichokuwapo.

Tuseme ni springi, na upinde, springi na sindano vyote ni kipande kimoja cha metali kilichofuliwa na kuviringwa. Hapo uko kwenye kundi la mapema. Mizunguko minne, miwili kila upande, na ugwe wa ndani: hiyo ni jamii ya Nauheim, yenye asili katika karne ya 1 KK, na mifano iliyotokana nayo iliendelea kutengenezwa ndani ya karne ya 1 BK. Mizunguko sita au zaidi, ugwe wa nje ulioshikwa na ndoana ndogo inayotoka kichwani, na vibawa viwili vifupi mbele ya springi: hiyo ni Colchester, ya nusu ya kwanza ya karne ya 1 BK, na nyumbani kwake ni kusini-mashariki mwa Uingereza.

Kama springi ni kipande cha pekee kilichofungwa nyuma ya kichwa, umeshuka kidogo katika wakati. Hapa inafaa kujua sababu, kwa sababu inasaidia pia wakati wa kusafisha. Springi lazima ifuliwe kwa nyundo, na shaba yenye risasi nyingi ikifuliwa hupasuka. Kwa hiyo bruchi ya kipande kimoja hutengenezwa kwa shaba ya njano au bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) isiyo na risasi. Fundi akiitenga springi, upinde anaweza kuumimina kwenye kalibu kwa bronzi yenye risasi, ambayo ni rahisi na hutiririka vizuri kwenye pembe za kalibu. Ndiyo maana katikati ya karne ya 1 bruchi za Uingereza zinaanza kuwa nene, zenye matuta na mapambo yaliyomiminwa. Tafuta nyuma ya kichwa kibati chenye matundu mawili: la chini la mhimili wa springi, la juu la ugwe. Hiyo ni Colchester ya vipande viwili. Kama badala yake vibawa vimefungwa miishoni na kutobolewa ili kushika mhimili kila upande, ni Polden Hill.

Aina ya tarumbeta ni rahisi kuikumbuka: kichwa kimepanuka kama mdomo wa tarumbeta, kiunoni kuna kifundo, mara nyingi chenye majani yaliyochongwa, na juu ya kichwa kuna kitanzi. Ilitumika takriban mwaka 75 hadi 175 BK. Kitanzi kile kilikuwa cha mnyororo, kwa sababu bruchi hizi zilivaliwa mbili mbili mabegani. Ukikuta kitanzi, kikague vizuri kabla ya kupitisha brashi. Ndipo mahali pembamba kuliko pote.

Ikiwa ni bawaba, anza na kundi la majeshi. Aucissa ina upinde uliokunjwa karibu nusu duara, wenye matuta yanayokwenda kwa urefu, kichwa kilichoviringwa kuzunguka mhimili, na kifundo mwishoni mwa mguu. Ni ya miongo ya mwisho kabla ya Kristo hadi katikati ya karne ya 1 BK, na imesambaa kila mahali askari wa Kirumi walikopita. Jina lenyewe ni la mtengenezaji: kwenye baadhi ya vichwa kuna muhuri AVCISSA, herufi ndogo zinazokaa sentimita moja hivi. Hilo peke yake linatosha kukuzuia usiparuze kichwa cha bruchi ya aina hii. Hod Hill, iliyopewa jina la ngome ya kilimani huko Dorset, ni ndugu yake: upinde mfupi zaidi, mara nyingi wenye vijipembe ubavuni, kisha mguu bapa unaochongoka hadi kwenye kifundo. Iliingia Uingereza na jeshi la mwaka 43 BK na ikatoweka ndani ya kizazi kimoja hivi. Zote mbili ni shaba ya njano, mhimili wao mara nyingi ni wa chuma, na Hod Hill nyingi zilipakwa bati zing'ae kama fedha. Kwa hiyo rangi ya kijivu-jeupe ukiiona chini ya udongo, usiifikirie kuwa ni uchafu.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Aina ya goti imepinda kama mguu uliokunjwa. Ni ya askari wa mipaka ya Rhine na Danube, kuanzia katikati ya karne ya 2 hadi ndani ya karne ya 3. Bruchi bapa hazina upinde kabisa: ni duara, nyota, sungura, mbwa, jogoo, au farasi na mpanda farasi, na nyingi zina enameli, karne ya 2 ndiyo yao hasa. Pete wazi, yaani duara lenye pengo na sindano inayozunguka, zilitengenezwa kabla ya Warumi, wakati wao na baada yao, hivyo tarehe yake inategemea ncha mbili za pengo: zimeviringwa, zina vifundo, au zimechongwa kama vichwa vya wanyama. Ya mwisho ni aina ya msalaba, yenye vifundo vitatu kichwani, baadaye vikubwa vyenye umbo la kitunguu. Inaanzia mwishoni mwa karne ya 3 na ni vazi la maafisa na wakuu wa jeshi la karne ya 4. Ukitaka kuona ilivyovaliwa, tazama picha ya bamba la pembe ya ndovu la jemadari Stilicho, linalotunzwa Monza, Italia: bruchi iko bega la kulia, mguu ukielekea juu. Kwenye baadhi ya misalaba hiyo kifundo kimoja ni skrubu, na mara nyingine skrubu hiyo hufunguka kinyume na zetu za leo. Usijaribu kuifungua.

Kwa kila bruchi, andika urefu na upana kwa milimita, uzito kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kisha piga picha nne zenye rula ndani yake: mbele, nyuma, ubavuni na kichwani. Picha ya ubavuni ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mkunjo wa upinde huonekana hapo tu. Ukishakuwa nazo, linganisha na hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na wananchi, unaosimamiwa na British Museum. Ni bure, ina zaidi ya vitu milioni 1.5, na unaweza kutafuta kwa jina la aina. Vitu vya bara la Ulaya mara nyingi hutajwa kwa namba za mtafiti Almgren, mfumo wa mwaka 1897 wa kuzipanga bruchi kwa aina ambao bado unatumika: ukiona "A 67" au "A 236", hizo ndizo. Usilazimishe bruchi iingie kwenye aina. Kama kichwa kimevunjika na hujui kilikuwa na nini, andika hivyo hivyo.

Neno moja kuhusu bandia, kwa sababu minadani zipo. Chovya pamba kwenye asetoni, gusa mahali padogo nyuma. Kijani cha rangi au cha gundi kitahamia kwenye pamba. Malakaiti ya kweli haihami. (Usifanye hivi kwenye enameli.) Angalia kwa lenzi kama kuna mstari wa kalibu unaopita juu ya sehemu ambayo fundi wa kale angeipiga tupa, vijitundu vya hewa uso mzima, au sindano iliyomiminwa pamoja na mwili isiyoweza kusogea kamwe. Na angalia kama springi na upinde vina kutu ya namna moja: kuna wauzaji wanaounganisha nusu ya bruchi moja na nusu ya nyingine kwa gundi, na asetoni hiyohiyo itawaumbua.

Kusafisha zile zilizo nzima

Unahitaji kuona kabla ya kugusa. Hadubini ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 20 ndiyo chombo cha kwanza, na ni afadhali ununue hiyo kuliko bruchi ya kumi na tano. Mwanga utoke ubavuni, usitoke juu, ili mistari itupe kivuli. Bruchi ilale juu ya sponji laini au mfuko mdogo wa mchanga. Vaa glavu za nitraili. Jasho la vidole nalo lina kloridi.

Vyombo vya mkono: vijiti vya mianzi uliovichonga ncha, miiba mikubwa ya waridi, brashi laini ya nywele, pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, na kisu cha upasuaji chenye wembe namba 15, ambacho kwa miezi ya mwanzo ningependa ukiache kwenye droo. Kimiminika: ethanoli na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu. Brashi ya nyuzi za kioo inauzwa kwa kazi hii, lakini inakwaruza patina na vipande vyake huingia vidoleni, kwa hiyo ningeiepuka.

Anza na bruchi iliyo dhaifu kwa thamani na imara kwa mwili. Ondoa udongo mkavu kwa brashi. Kisha tia tone moja la kimiminika mahali pasipozidi milimita 5, subiri dakika moja, na usukume udongo uliolainika kwa kijiti cha mwanzi, ukienda sambamba na uso. Usichimbe kuelekea chini. Zungusha pamba yenye unyevu juu yake, ikauke, tazama, ndipo uendelee. Anzia mahali ambapo uso wa kale unaonekana tayari na uutembeze ukingo wa eneo safi polepole. Anayeanzia mahali pabaya zaidi hana cha kumwambia ameshafika chini.

Uso wa kale utautambua kwa mambo matatu: ni laini na una mng'ao mdogo, mistari ya fundi inapita juu yake bila kukatika, na udongo huachana nao kwa urahisi kuliko unavyoachana wenyewe kwa wenyewe. Ukiona wekundu wa kupraiti unatokeza pale palipokuwa kijani, simama, kwa kawaida umeshapita. Ukiona metali inayong'aa, umepita sana. Vivimbe vigumu vya kijani vinavyotokeza juu ya uso usivivunje kwa nguvu, kwa sababu chini ya kivimbe mara nyingi kuna shimo lililojaa kloridi, na kivimbe hicho kikingali mahali pake ni kizibo.

Kuna sehemu nne ambazo ningekuomba uziache na udongo wake, hata kama jicho lako halitapendezwa. Ndani ya kishikio, kwa sababu kibati kile ni chembamba, kimegeuka madini tupu, na udongo ndio unaokishikilia. Ndani ya mizunguko ya springi, kwa sababu hiyohiyo. Kuzunguka mhimili wa chuma, ambao umevimba kwa kutu na uko tayari kuipasua bawaba. Tone la maji hapo linatosha kuendeleza upasukaji. Na mahali popote penye alama za nyuzi. Shaba inayooza huua bakteria, hivyo kitambaa kilichokuwa kimegusa sindano au springi huweza kubaki, nyuzi zake zimejaa madini ya kijani, na ukikuza mara 20 utaona msokoto wa uzi na hata mfumo wa kufuma. Hayo ni mabaki ya vazi la mtu wa wakati ule, na katika bruchi zote kumi na nne sidhani utakuwa na kitu cha thamani zaidi. Piga picha, uache.

Sindano isifunguliwe wala kukunjwa. Hata inapoonekana nzima, metali yake haina tena unyumbufu. Itakatika kwenye mzunguko wa kwanza wa springi. Na bruchi isibandikwe kwenye nguo.

Kwenye Hod Hill yenye bati, tumia pamba na ethanoli tupu, basi. Tabaka la bati ni jembamba mno na kijiti cha mwanzi chenye ncha kinaweza kulivua.

Enameli ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa ndani ya vishimo vya metali, na ile nyekundu baada ya karne nyingi ardhini hubadilika kuwa kijani au kahawia, ikapasuka, ikafanana kabisa na udongo au kutu. Mtu huchokoa vishimo vyote mpaka vinakuwa vitupu, kisha hujisifu kuwa amesafisha. Kwa hiyo kwenye bruchi bapa, na kwenye upinde wowote wenye vijisanduku vya mraba, pembetatu au duara, chukulia kuwa kila kilichojaza kishimo ni enameli mpaka hadubini ikuhakikishie vingine: tafuta uso ulio sawa na ukingo wa metali, mpasuko wenye makali, na vipovu vidogo vya duara. Usitumie maji hapo. Mashine za kuoshea vito kwa mitetemo ya sauti usizikaribie kwa bruchi yoyote ya kale.

Ukimaliza, acha bruchi ikauke siku kadhaa kwenye kisanduku chenye silika jeli. Kisha paka nta ya maikrokristali kidogo mno kwa brashi laini, acha dakika chache, na uisugue polepole kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Nta haitakiwi kuonekana.

Ile inayotoa unga

Kinachoendelea ndani yake kinaitwa ugonjwa wa bronzi. Ardhini, kloridi ziliingia hadi kwenye metali na kutengeneza kloridi ya shaba, kitu cheupe-kijivu kama nta, kilichojificha chini ya kupraiti. Kikiwa kimefunikwa na kikavu, kimetulia. Kikipata hewa na unyevu, kinageuka kuwa unga wa kijani uliopauka, ujazo wake unaongezeka na kuipasua patina, na mmenyuko huo unazalisha asidi ya hidrokloriki, ambayo inashambulia metali mpya na kuanza upya. Ndiyo maana shimo la ncha ya sindano leo linaweza kuwa tundu la kupitisha waya baada ya mwaka. Mpaka wa hatari uko karibu na asilimia 42 ya unyevu wa hewa. Ukipita 55, kasi inakuwa kubwa. Nyumba nyingi za Uingereza hazishuki chini ya 42 kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa. Unga wa ugonjwa ni mkavu, hupukutika, na hurudi ukiufagia. Utomvu wa kijani unaonata umetokana na mafuta au ngozi, na hufutika kwa asetoni. Masalia meupe ya dawa ya kung'arishia hayaongezeki. Kama bado una shaka, fagia mahali hapo, uiweke bruchi kwenye kisanduku kilichofungwa pamoja na pamba iliyolowa maji isiyoigusa, na uitazame baada ya saa 24. Vidoa vipya vya kijani hafifu ni jibu. Fanya jaribio hilo mara moja tu, kwa sababu nalo linaulisha ugonjwa.

Matibabu yanaanza na kukausha. Kisanduku cha lita 2, gramu 200 za silika jeli iliyokaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa kadhaa, na kadi ya kupimia unyevu. Silika jeli chagua ile ya rangi ya chungwa. Ya buluu ina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Lengo ni chini ya asilimia 35. Kwa bruchi yenye enameli, fedha, au alama za nyuzi, kazi yako inaishia hapa, na inayofuata ni ya mhifadhi wa makumbusho.

Kama ni bronzi tupu, chini ya hadubini toa unga wote kwa ncha ya sindano, mpaka kwenye ukuta mgumu wa shimo. Itumbukize kwenye asetoni dakika chache kuondoa mafuta na unyevu, iache ikauke. Andaa benzotriazoli, gramu 3 katika mililita 100 za ethanoli, kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko. Tumbukiza bruchi kwa saa 24. Dawa hii hushikana na shaba na kuweka utando unaozuia kloridi isiendelee kula metali. Vipovu vya hewa ndani ya mashimo huizuia isifike, kwa hiyo maabara hutumia pampu ya kufyonza hewa. Bila pampu, itikise chombo taratibu mara kadhaa ndani ya saa ya kwanza. Baadaye ipanguse kwa ethanoli kuondoa fuwele nyeupe, na ikauke. Vaa glavu, fungua madirisha, usivute pumzi ya unga wake, na usifanye karibu na moto wala jikoni. Hii si dawa ya kuchezea.

Ifuatie Paraloid B-72, plastiki angavu ya kupaka inayoyeyuka, asilimia 5 ndani ya asetoni, tabaka mbili nyembamba kwa brashi, ukiacha ya kwanza ikauke kabisa, kisha nta. Wapo wanaoruka benzotriazoli na kupaka nta tu juu ya bruchi mgonjwa. Nta hupitisha unyevu na hewa, kwa hiyo ugonjwa unaendelea chini yake, na tofauti ni kwamba sasa huuoni. Hata benzotriazoli haiondoi kloridi, inaizuia tu. Unga ukirudi, rudia hatua zote. Ukirudi mara ya tatu, bruchi hiyo itaishi ndani ya kisanduku kikavu maisha yake yote, na hapo itakuwa salama.

Kuzitunza

Kila moja iwe na mfuko wake wa polithini uliotobolewa matundu madogo, juu ya sponji ya polithini iliyokatwa umbo lake, na zote ndani ya kisanduku kinachobana chenye silika jeli. Epuka PVC, sufu na droo za mbao za mwaloni: kila kimoja hutoa mvuke au asidi inayoamsha kutu, na mwaloni ni hatari hasa kwa bronzi yenye risasi. Namba ya bruchi iandikwe kwenye mfuko na kwenye daftari lenye picha, jina la muuzaji, tarehe na risiti. Risiti hizo usizitupe. Kitu cha kiakiolojia kilichofukuliwa katika ardhi ya Uingereza, kilichokaa humo zaidi ya miaka 50, kinahitaji kibali ili kitoke nchini, hata kikiwa cha bei ndogo. Na kama siku moja utahamia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam na vibali vyako, kumbuka kwamba hewa ya pwani mara nyingi iko juu ya asilimia 70. Bruchi isiyo na dalili yoyote Leicester inaweza kuanza kutoa unga huko ndani ya wiki, hivyo silika jeli ibadilishwe kila kadi inapovuka 35.

Ile mgonjwa itazame baada ya wiki moja, baada ya mwezi, kisha kila miezi sita, kwa lenzi na mwanga wa ubavuni, na uandike ulichokiona hata kama hakuna kipya. Hizo nyingine zikague kwa namna hiyohiyo mara mbili kwa mwaka, ukianza na zile zilizokuwa kwenye kitambaa kimoja nayo, maana huenda zilitoka kwenye udongo mmoja na zina kloridi zilezile.